Kutafuta na kuzuru makaburi ya waliouawa zamani, Moshi na Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa stendi, naulizwa kwa simu, na mara moja niliulizwa msibani huku jeneza halijashushwa. Nimeyaweka pamoja ili nisirudie. Nimetumia neno "zamani" kwa maana ya miaka ambayo mashahidi wake wengi wameshatangulia; ya jana na juzi nimeyagusa mwishoni tu, na kwa sababu.

Nina jina la marehemu na mwaka aliouawa. Nianzie wapi?

Anzia kwa ukoo. Makaburi yaje baadaye. Ukiwa Uchagani, marehemu wengi hawako kwenye makaburi ya manispaa wala ya kanisa. Wako nyumbani, kihambani, katikati ya migomba na kahawa. Anayejua kaburi la mtu aliyefariki miaka 70 iliyopita ni yule anayelipita kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe. Kwa hiyo jina la ukoo litakupeleka kwenye kata, kata itakupeleka kijijini, na kijijini mwenyekiti wa kitongoji au balozi atakwambia, "Hao wa upande wa chini, pita pale kwenye mfereji."

Ukifika tu na swali la "kaburi la aliyeuawa liko wapi", utajibiwa kwamba hakuna aliyeuawa. Uliza habari za ukoo kwanza.

Na kama jina lenyewe silijui vizuri, nina habari ya kesi tu?

Basi kesi ni ndugu yako. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomeka bure mtandaoni kupitia TanzLII, na hukumu ya mauaji huwa na vitu ambavyo gazeti haliandiki: jina la kijiji, nani alikuwa jirani wa nani, njia ipi ilipitwa usiku ule. Kwa miaka ya nyuma zaidi kuna magazeti. Wachaga walikuwa na gazeti lao miaka ya 1950, Komkya, na ukipata nafasi ya kukaa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mafungu ya magazeti ya zamani, beba subira na miwani. Majalada ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na yameandikwa Kijerumani.

Kanisani omba kuona daftari la mazishi. Sharika za Kilutheri na parokia za Kikatoliki hapa mlimani zina madaftari ya siku nyingi, na katibu wa usharika akikuona una adabu atakutolea. Usiombe kupiga picha ukurasa mzima. Nakili mstari unaokuhusu, urudishe daftari.

Kaburi la Mangi Meli liko wapi?

Hili ndilo swali namba moja, na jibu lake huwakatisha tamaa wengi. Kinachoonyeshwa Old Moshi ni mahali aliponyongwa, na hicho si kitu kimoja na kaburi.

Mangi ni mtawala wa Kichaga. Meli alikuwa mtoto wa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara. Rindi alifariki 1891, Meli akashika nchi akiwa kijana. Juni 1892 jeshi lake liliwashinda Wajerumani na Luteni von Bülow akafia huku. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi, wakamshinda. Kisha tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wengine, jumla 19, kwa madai kwamba walikuwa wanapanga uasi. Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho walikuwa miongoni mwao. Wazee husimulia kwamba Meli hakufa upesi. Alikaa kwenye kamba kwa muda wa karibu saa saba.

Baada ya hapo, kwa jinsi inavyoelezwa na ukoo, kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Ndiyo maana hakuna mtu atakayekupeleka kwenye kaburi akakwambia, "Mangi ni huyu hapa." Ukimpata wa kukwambia hivyo, muulize anadai shilingi ngapi.

Kunyongwa kwa amri ya serikali nako ni kuuawa? Mbona unawachanganya na waliouawa na majambazi?

Nimeshabishana na watu kuhusu hili. Kwa makaratasi ya Wajerumani, waliofia Old Moshi walihukumiwa. Kwa wajukuu zao, waliuawa. Mimi ninawaweka hapa kwa sababu mtu anayetafuta kaburi hatafuti uamuzi wa mahakama. Anatafuta mtu wake. Na njia za kumtafuta ni zilezile.

Nafikaje hapo mahali pa kunyongwa?

Toka Moshi mjini kwa daladala hadi Kiboriloni, halafu panda bodaboda kuelekea Kidia. Barabara inapanda kweli. Bodaboda wa Kiboriloni wanaijua kwa jina la Tsuduni. Utaona mti na sanamu ya Mangi Meli, kichwa na mabega, iliyozinduliwa 2 Machi 2019. Watu wa utalii wa kitamaduni wa Old Moshi wapo hapo karibu, na ni vizuri kupitia kwao kuliko kujipitisha mwenyewe kwenye uwanja.

Ukiwa umeshafika huko, pita na kanisani Kidia. Hapo ndipo alipofanya kazi Bruno Gutmann, mmisionari aliyeandika kuhusu mila za Wachaga kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Si kaburi la aliyeuawa, lakini umeshapanda mlima wote ule, utateremka bila kuliona?

Fuvu la Mangi limeshapatikana?

La kwake, bado. Ila kuna habari ambayo wengi wameisikia nusu.

Mwanzoni mwa karne iliyopita kulikuwa na mtu Berlin, Felix von Luschan, aliyekusanya mafuvu kutoka makoloni kwa maelfu. Sehemu ya mkusanyiko huo ilifika mikononi mwa taasisi ya makumbusho ya Prussia mwaka 2011. Wakachunguza mafuvu takribani 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki. Mengi yalikuwa ya Rwanda, na zaidi ya 200 yalitoka Tanzania ya leo. Wazawa wa Kilimanjaro na Meru walitoa mate yao kwa ajili ya vipimo vya DNA. Septemba 2023 majibu yakatangazwa: fuvu moja lililoandikwa "Akida", mtu wa karibu wa Mangi Meli, lilioana kabisa na mzawa wake aliye hai. Mengine mawili yalikaribia sana.

Hebu fikiria. Fuvu limekaa kabatini zaidi ya miaka 120 likiwa na neno moja juu yake, na neno lenyewe si jina, ni cheo. Na bado mtu kapatikana.

Miezi miwili baadaye, 1 Novemba 2023, Rais Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi akiwa Songea. Watu wa Old Moshi niliozungumza nao walisema radhi wameisikia, sasa wanasubiri mizigo.

Na wamisionari waliouawa Meru?

Hao ni Ewald Ovir na Karl Segebrock, vijana wa Misheni ya Leipzig waliotoka nchi za Baltiki. Walikwenda Akeri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, kutafuta mahali pa kuanzisha kituo. Usiku wa kuamkia 20 Oktoba 1896 walivamiwa na vijana wa kivita wa Kimeru na Kiarusha, wakauawa. Kumbukumbu yao iko Akeri, na Walutheri wa Meru huwahesabu kama wafia imani wao. Panda daladala za Usa River kutoka Arusha, mwambie konda akushushe njia ya Akeri, halafu uliza kanisani.

Lakini ukiwa umesimama hapo, kumbuka mawili. La kwanza, wale wawili hawakufa peke yao. Walikuwa na Wachaga waliokuja nao kutoka Kilimanjaro kama wapagazi na wasaidizi, na baadhi yao waliuawa usiku uleule. Wale Wazungu wawili tunajua hata miji waliyozaliwa. Wachaga ni "baadhi yao". Nimetafuta majina yao kwa miaka, na kila ninapofika mahali panapopaswa kuwa na jina nakuta idadi.

La pili ni yaliyofuata. Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alipiga Meru na Arusha kulipiza kisasi, akitumia askari wake pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Migomba ilikatwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakafa wengi kuliko waliokufa Akeri. Hao hawana jiwe. Lile boma la Arusha mjini, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa 1900 kwa kazi ya kulazimishwa ya watu haohao walioshindwa. Kwangu mimi, mgeni akiniuliza makaburi ya Wameru na Waarusha wa 1896 yako wapi, nampeleka kwenye ukuta wa boma.

Kwa nini sioni kabisa makaburi ya zamani ya Wamaasai?

Kwa sababu hayakuchimbwa. Kwa desturi ya zamani Wamaasai walilaza wafu porini, na kuzika kulikuwa kwa wachache wenye heshima ya pekee. Kutafuta kaburi la morani wa karne ya 19 Monduli ni sawa na kutafuta nyayo zake. Vivyo hivyo mfanyabiashara wa Kihindu aliyeuawa Moshi miaka ya ukoloni: mwili wake ulichomwa moto kwa mujibu wa dini yake. Na kaburi la Kiislamu la zamani mara nyingi ni mwinuko wa udongo na mawe mawili yasiyo na maandishi; msikitini ndiko kwa kuuliza.

Kaburi la Joy Adamson liko Meru sehemu gani?

Meru siyo hii! Kila mwaka lazima nipate mmoja. Joy Adamson, yule mama wa simba Elsa, aliuawa 3 Januari 1980 huko Shaba, Kenya, na majivu yake yako Hifadhi ya Taifa ya Meru, ambayo ni Meru ya Kenya. Mumewe George aliuawa na majambazi Agosti 1989 akazikwa Kora, hukohuko Kenya, karibu na ndugu yake. Ukishuka ndege KIA ukiwa na maua ya Joy, uchukue basi la Namanga.

Wapoland wa Tengeru je?

Walikuwa wakimbizi wa Vita vya Pili vya Dunia, na waliozikwa pale walikufa kwa maradhi na uzee. Makaburi yanatunzwa vizuri, yanazurika, ila si habari ya ukurasa huu. Vilevile makaburi ya askari Moshi: hao ni wa vita.

Mbona hukumtaja Sokoine?

Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari 12 Aprili 1984 karibu na Dakawa, Morogoro, akazikwa Monduli Juu. Najua maneno yanayosemwa vijiweni. Vijiwe si ushahidi, nami simwandiki mtu kwenye orodha ya waliouawa kwa ajili ya kijiwe. Ukienda Monduli Juu kumzuru, nenda kama unavyokwenda kwa kiongozi aliyefariki. Familia ipo.

Na Dk. Klerruu?

Huyu ndiye mfano ninaoutumia nikitaka kueleza kwamba mahali pa mauaji na mahali pa mtu ni vitu viwili. Wilbert Klerruu alikuwa mtu wa Kilimanjaro, lakini aliuawa Isimani, Iringa, akiwa Mkuu wa Mkoa huo, sikukuu ya Krismasi 1971, kwa risasi za mkulima Said Mwamwindi baada ya ugomvi wa shamba nyakati za vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alipeleka mwili polisi mwenyewe, akahukumiwa kunyongwa. Ukitaka kufuata mkasa, nenda Iringa; chuo cha ualimu pale kina jina la Klerruu. Kumzuru yeye ni jambo la kuomba kwa ndugu zake, kwa hiyo sitoi maelekezo.

Kuna na mkasa wa Dk. Carl Lent, mtafiti Mjerumani wa kituo cha Marangu, aliyeuawa Rombo 1894. Yeye kumbukumbu yake rahisi zaidi iko kwenye ramani: kuna vilima vya Kilimanjaro vyenye jina lake. Wapanda mlima wanavipita bila kujua.

Arusha kulikuwa na mahakama ya mauaji ya Rwanda. Kuna makaburi yoyote hapa?

Hapana. Arusha kuna karatasi, makaburi yako Rwanda. Mahakama ile iliundwa na Umoja wa Mataifa 1994 na ikafungwa mwisho wa 2015. Kumbukumbu zake sasa zinatunzwa Lakilaki, nje kidogo ya mji. Mtu anayetaka kujua jinsi Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alivyouawa 7 Aprili 1994 ataanzia kwenye kesi zilizosikilizwa Arusha, kisha aende Kigali alikozikwa, kwenye makaburi ya mashujaa. Gisozi, Kigali, wamezikwa watu wapatao 250,000. Nyamata, Murambi, Bisesero na Gisozi ziliingia Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2023. Kutoka Arusha ni safari ya basi ya siku na zaidi. Watu wanakwenda.

Nimelipata kaburi, liko kihambani kwa watu. Naingiaje?

Piga hodi, na usimame hadi uitikiwe. Nitakusimulia nilivyokosea ili wewe usikosee.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa namtafuta mzee mmoja aliyeuawa kwa panga miaka ya 1950 kwa ugomvi wa mpaka. Nilikuwa na hukumu, nina jina la kitongoji, najiona mjanja. Nikafika, nikaona kaburi la vigae vyeupe chini ya mgomba, nikatoa simu nikapiga picha tatu kabla sijamwamkia mtu. Bibi mmoja alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage kwenye ungo. Hakupandisha sauti. Alisema tu, "Wewe ni wa nani?"

Hilo ndilo swali la Uchagani. Hakuuliza jina langu wala kazi yangu. Aliuliza natoka kwa nani. Nikajieleza, shikamoo ikiwa imechelewa. Bibi akanikalisha, nikaletewa chai, nikaulizwa habari za baba yangu hadi za shangazi. Baada ya kama saa nzima ndipo akanyanyuka, akanipitisha nyuma ya banda la ng'ombe. Lile kaburi la vigae nililolipiga picha lilikuwa la mume wake, aliyekufa kwa kisukari. Mzee niliyekuwa namtafuta alikuwa kwenye kichaka cha masale chenye upana wa kitanda, hakuna msalaba, hakuna jina, mbuzi amefungwa pembeni. "Huyo ndiye," akasema, akamsogeza mbuzi.

Nilifuta zile picha mbele yake.

Kwa hiyo: shikamoo kwanza, chai usikatae, na ukipewa mbege onja hata kama hunywi. Beba sukari au sabuni, siyo bahasha ya pesa mlangoni. Majani ya sale ukiyaona yamepandwa usiyachume wala kuyakanyaga. Hapo ni mpaka au ni mtu. Watoto wakikwambia "twende tukuonyeshe", subiri mkubwa.

Naweza kupiga picha na kuweka mahali kwenye ramani ya mtandao?

Picha, kwa ruhusa. Alama ya ramani kwenye kihamba cha mtu, hapana. Sanamu ya Tsuduni na kumbukumbu ya Akeri ni mahali pa watu wote, hizo weka. Tena Kanuni ya Adhabu inalifanya kuwa kosa kuingia makaburini kwa nia ya kuumiza hisia za watu, na mjukuu mwenye hasira anaijua sheria hiyo kuliko wewe.

Naweza kujenga kaburi au kuweka jiwe?

Kama si ndugu, usipendekeze. Kuna koo ambazo hazijaamua kusema hadharani jinsi mtu wao alivyokufa, na maandishi "aliuawa" juu ya marumaru yanaweza kufufua kesi ya mpaka iliyolala. Ukitaka kusaidia, uliza kama kuna kazi ya kupalilia.

Unaelekeza makaburi ya waliouawa miaka ya karibuni?

Hapana. Bomu la kanisani Olasiti la 5 Mei 2013 liliua watu 3. Mama zao na watoto wao tunapanda nao daladala moja. Anayehusika anajua pa kwenda.

Wakati gani ni mzuri?

Kwa makaburi ya kihambani, wiki ya Krismasi. Wachaga wote wa Dar na Mwanza wanakuwa wamepanda nyumbani, makaburi yanafagiwa na kupakwa chokaa, na wale wanaojua habari wamekaa pamoja kwa mara moja kwa mwaka. Ubaya wake ni nauli, na kwamba nyumba imejaa. Nenda tarehe 27 au 28, siyo siku yenyewe.

Kwa Old Moshi, 2 Machi, siku ya kumbukumbu ya Mangi Meli. Wenyeji hukusanyika pale kwenye mti. Mvua za masika zinakuwa zinakaribia, na ile barabara ya juu ikilowa bodaboda wengine hugoma kupanda. Vaa viatu vya matope.